Kibanda Kisichoingiwa na Mbuzi

Hapa Matiliku ukiingia nyumba ya mtu na kuona picha ya zamani ukutani, tazama nyuma ya watu. Kama kuna jengo refu la madirisha mengi, barabara yenye taa, na ndege ambayo bawa lake moja ni fupi, basi aliyeipiga ni yule mpiga picha wetu wa sokoni. Bawa ni fupi kwa sababu jiji hilo ni la kuchorwa, na mchoraji alifika mwisho wa turubai kabla hajamaliza ndege. Wengi wa waliosimama mbele ya jiji hilo hawakuwahi kufika Nairobi, na wengine wamezikwa bila kupita hata Machakos.

Nami ninayo yangu. Kwa sababu ya picha hiyo nilikaribia kutolewa katika shamba nililolilima zaidi ya miaka ishirini, mimi pamoja na mwanangu Kyalo. Kwa hiyo nikieleza habari za mtu huyu naeleza nikiwa na kinyongo, lakini nikisema nilimchukia nitakuwa mwongo. Miaka mingi nilikaa jirani naye sokoni, mimi na magunia yangu ya mbaazi, yeye na kibanda chake, na hakuna mtu aliyenichekesha kuliko yeye.

Tulimwita Fundi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti lililofungwa vifungo vyote hata mwezi wa pili jua likiwa kali. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia kwa dawa za kusafishia picha, na hata akinawa kwa sabuni ya kufulia rangi haikutoka. Katika mfuko wa koti alikuwa na kitana na chupa ndogo ya maji. Mteja akikaa kwenye benchi, awe mtoto au awe chifu, Fundi alimchana nywele mwenyewe, kwa upole, akimgeuza kichwa kwa vidole viwili. Nimewaona wazee wakali wakifumba macho wakichanwa.

Aliporudi kutoka Nairobi, miaka ya sitini ikielekea kwisha, hakuna aliyejua anataka kufanya nini. Huko alikuwa akifagia katika studio ya mtu fulani, na kwa kufagia akajifunza. Studio ilipofungwa akapewa kamera kuukuu badala ya mshahara. Watu wakamwambia aiuze anunue cherehani. Yeye akakata miti minane, akanunua turubai, akampata mchoraji, akashona pazia jekundu, akasimamisha kibanda pembeni mwa soko. Wiki nzima watu walikuja, wakafunua pazia, wakasema "ala", wakaenda kununua chumvi.

Siku moja aliketi kwenye gunia langu la mbaazi bila kuniomba ruhusa.

"Mama Kyalo," akasema, ingawa wakati huo Kyalo alikuwa bado tumboni, mimi hata sijaolewa, na jina lilikuwa la utani tu, "mimi nimekosea. Watu hawawezi kuvaa nguo nzuri wakuje soko wapigwe picha. Nguo nzuri ziko arusi, ziko batiso, ziko harambee. Sasa hii kibanda itabidi ifuate nguo."

Hivyo ndivyo alivyoanza kukodisha kibanda. Mwenye shughuli alituma mkokoteni wake wa ng'ombe, kibanda kikafunguliwa na kupakiwa, Fundi akapanda juu akiwa ameipakata kamera. Siku nzima kibanda kilikuwa cha mwenye shughuli, na aliyetaka kuingia aliingia. Alikwenda hadi Kabati, siku mbili njiani, na huko wakampa mbuzi, akamkataa, akaomba kuku. Nakumbuka jambo hilo la mbuzi kwa sababu zangu.

Mwanzoni aliharibu mengi. Arusi moja kule Mbooni alimweka bibi arusi jua likiwa mgongoni, na picha zilipotoka nyuso zote zilikuwa nyeusi, meno tu yakionekana. Mtu mwingine angesema filamu ilikuwa mbovu. Fundi alipanda milima ile kwa miguu, picha zikiwa ndani ya bahasha, akagonga mlango, akasema, "Nimewaharibia." Wakavaa tena. Lakini miezi ilikuwa imepita na bibi arusi alikuwa na mimba, gauni halikufungika, ikabidi ashikwe nyuma kwa pini na shangazi aliyechuchumaa asionekane. Ukiiona picha hiyo hujui kama kuna shangazi.

Alikuwa mtu wa kukiri namna hiyo. Akikurudishia chenji pungufu kwa kukosea, alirudi. Akisahau siku ya mtu, alikwenda kuomba msamaha mbele ya wazazi. Alikuwa ameokoka na kanisani alikaa benchi la mbele. Ndiyo maana lile alilonifanyia mimi lilinichukua muda mrefu kuliamini.

Ndani ya kibanda kulikuwa na sheria. Jembe haliingii. Kibuyu hakiingii. Kuku na mbuzi ndio kabisa. "Hapa ndani ni studio," alisema, "shamba libaki huko nje linangojea." Alikuwa na sanduku la viatu, jozi tatu za wanaume na mbili za wanawake, na aliyekuja pekupeku aliazimwa. Bibi mzee mmoja miguu yake ilikataa viatu vyote. Fundi akaviweka mbele ya vidole vyake, akashusha kitenge kikafunika visigino, na bibi akatoka kwenye picha akiwa amevaa viatu. Nilicheka hadi nikaumwa mbavu. Fundi hakucheka. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana mtu wa kwao.

Tena kulikuwa na ile kazi yake ya kuunganisha. Miaka ile wanaume wetu walikuwa Mombasa, Nairobi, kwenye reli, kwenye mashamba ya katani. Wake walibaki. Mwanamke alileta picha ndogo ya mumewe, ile ya kwenye kipande, kitambulisho cha zamani, Fundi akampiga yeye na watoto wakiwa wameacha nafasi katikati ya benchi, kisha akakata kwa mkasi, akabandika, akapiga picha upya. Mume akatokea amekaa na familia. Jirani yangu mmoja, ambaye mumewe alikuwa hajaonekana miaka mitano, aliunganishwa naye, ila mume alitoka mdogo, kichwa kikamfika mkewe begani. Aliitundika hivyo hivyo. Watoto wake waliisalimia wakienda shule.

Nilimuuliza Fundi kama huo si uongo, yeye aliyeokoka.

"Uongo ni gani?" akasema. "Hawa ni watu wa nyumba moja. Mimi napunguza safari tu."

Na siku jua lilipofunikwa mchana, watu wakiwa wameonywa na redio kwamba wasilitazame kwa macho matupu, Fundi alitoa sanduku la negativu, filamu za picha zake za zamani, akaanza kuzikata vipande na kuwagawia watoto wa shule, akina mama, wazee wa soko. Hakumwomba mtu chochote. Hata mimi alinipa viwili nivishike pamoja. Tulisimama sokoni wote tukitazama juu kupitia nyuso za watu tusiowajua, kuku wakiingia kulala. Nilimpenda sana siku ile.

Sasa nifike kwangu.

Kwetu Wakamba mwanamke anaolewa kwa ntheo. Mchumba na watu wake wanaleta mbuzi watatu nyumbani kwa baba wa msichana, mmoja anachinjwa na kuliwa hapo hapo na pande zote mbili, na kuanzia siku hiyo wewe ni mke. Arusi ya kanisani inaweza kuja baadaye au isije. Lakini bila ntheo, hata ukizaa watoto kumi, wewe ni mgeni katika boma hilo na wanao ni wa kwa baba yako. Ukifa unarudishwa ulikotoka.

Baba yangu alikuwa mtu wa kwanza kukodi kibanda. Alitaka binti yake apigwe picha siku ya ntheo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Fundi alikuja kwa mkokoteni, bado mwanafunzi wa kazi yake mwenyewe. Mume wangu alifika na wazee wake akiwa amemshika mbuzi wa kwanza kwa kamba, dume jeusi lenye kiburi. Fundi akakimbia kumfukuza yule mbuzi kwa kofia.

"Hizo mbuzi zitoke," akasema. "Hii ni picha ya maana."

Mume wangu aliogopa kuiachia kamba, maana dume lile lilikuwa limeshakimbia mara moja njiani. Basi aliingia kibandani na kukaa kando yangu akiwa bado ameishika, kamba ikipita chini ya pazia, mbuzi akiwa nje akivuta. Tulipigwa hivyo.

Picha ilipotoka, mkono wa kulia wa mume wangu uliishia kwenye kiwiko, penye ukingo wa picha. Nikamuuliza Fundi mkono umekwenda wapi. Akasema kivuli kiliuharibu, akaangalia pembeni. Mume wangu aliufanya mzaha wa maisha yake yote. "Mkono wangu ulibaki kwenu," aliniambia kila nikimwomba anichanjie kuni.

Alikufa miaka ya tisini ilipoanza, kifua kikimbana. Hata mwaka haukuisha, shemeji yangu akaja na maneno. Mdogo wake marehemu, mtu niliyempikia tangu akiwa shuleni. Alisema mbele ya ukoo kwamba mimi sikuolewa bali nilikuja tu, kwamba hakumbuki mbuzi yeyote, na kwamba Kyalo aende akatafute shamba kwa wajomba zake. Baba yangu alikuwa amekufa. Wazee waliokula nyama ya siku ile walikuwa wamekwisha, mmoja baada ya mwingine, na ndugu zangu wa kiume walikuwa watoto wadogo wakati huo, ushahidi wao haukuhesabiwa.

Nikasema ninayo picha. Niliitoa ukutani na fremu yake, nikaifuta kwa kanga, nikaipeleka kwenye kikao. Ilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Mzee aliyeongoza kikao akaisogeza karibu na macho.

"Mama, mimi naona wewe na marehemu," akasema. "Na naona ndege. Mbuzi iko wapi?"

"Walikuwa nje ya pazia."

"Boma ya baba yako iko wapi?"

Nyuma yetu kulikuwa na jengo la madirisha mengi.

"Hii ni picha ya watu wametembea Nairobi," shemeji akasema, na watu wengine wakacheka. Nilirudi nyumbani nikaiweka chini, uso ukitazama ukuta. Nilikuwa na hofu, nasema wazi. Usiku sikulala na mchana sikula. Nililiangalia shamba, matuta niliyoyachimba kwa mikono kuzuia mvua isichukue udongo, nikaona nitaondoka na sufuria zangu kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Wakati huo Fundi alikuwa ameacha kazi na kuhamia Mbooni kwa dada yake. Niliondoka asubuhi, nikapanda ile njia yenye mawe, nikamkuta uani akigeuza maharagwe yaliyoanikwa. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Nilipoangalia chini niliona maharagwe yameanikwa juu ya turubai, na katikati yake bawa fupi la ndege.

"Mama Kyalo," akasema kabla sijasalimia. "Nimesikia. Nimekungojea."

"Kama umesikia, mbona hukuja?"

Alinipa kigoda, akaleta uji, na nilipokataa kuunywa akaketi chini.

"Mimi ndio nilikata ule mkono," akasema. "Haikuwa kivuli. Mkono ilikuwa na kamba, na kwa mwisho wa kamba kichwa ya mbuzi ilikuwa imeingia chini ya pazia. Ilikuwa inaangalia kamera kabisa. Nikachukua mkasi."

"Kwa nini?"

Kisha akaniambia kuhusu siku moja Nairobi, katika ile studio. Babake alikuwa amesafiri kumwona na kupigwa picha, akaja na kuku mkononi, zawadi ya mwajiri. Wateja walicheka. Mwenye studio alicheka, akamwambia mzee aweke kuku nje kabla hajanya. "Na mimi pia nikacheka," Fundi akasema. "Nilikuwa na ufagio kwa mkono na nikacheka baba yangu pamoja nao. Nikasema nikipata studio yangu, hakuna mtu wa kwetu atachekwa kwa picha."

Nilitaka kumhurumia na sikuweza. Nilimwambia atafute negativu, kwa sababu mkasi ulikata karatasi, haukukata negativu.

Akaangalia maharagwe. "Zile za kwanza zote niligawa ile siku ya jua," akasema. "Labda ni wewe mwenyewe uliangalia jua na hiyo mbuzi yako."

Nilisimama nikaondoka. Alinifuata hadi kwenye mteremko akisema atakuja kikaoni, na kweli alikuja. Alitembea kutoka Mbooni na koti lake limefungwa vifungo vyote, akasimama mbele ya ukoo, akasema waziwazi kwamba aliona mbuzi watatu kwa macho yake, kwamba aliwafukuza kwa kofia, kwamba alikata mkono wa marehemu kwa kuona aibu. Alisema kila kitu, hata habari ya babake. Nikafikiri yamekwisha.

Yule mzee akamuuliza polepole, "Fundi, si ni wewe uliweka bwana ya yule mama wa pale chini kando yake, na yeye alikuwa Mombasa?"

"Ni mimi."

"Na yule nyanya aliyevaa viatu?"

"Ni mimi."

"Sasa wewe unaweza kuweka mtu mahali hakuwa, na unaweza kutoa mbuzi mahali ilikuwa. Tuamini gani?"

Nilimwona Fundi anaingiza mkono mfukoni, akashika kitana, akakiacha. Akaketi.

Ukoo ulikata shauri ambalo wao waliona ni la huruma. Kyalo ni mtu mzima, wakasema. Achukue mbuzi watatu awapeleke kwa wajomba zake kwa niaba ya marehemu baba yake, ntheo ya mama yake itimie, na hakuna atakayesema tena. Shemeji alinung'unika lakini akakubali. Kila mtu aliniambia nishukuru. Mimi niliona wananiambia kwamba miaka yote ile nililala na mwanamume ambaye si mume wangu, na kwamba baba yangu alikula nyama ambayo haikuwepo. Wiki mbili nilikataa. Kisha Kyalo akaja akaketi jikoni akasema, "Mama, mimi nitazika wapi watoto wangu?" Nikakubali.

Siku ile ilikuwa na mawingu. Kyalo alikuwa amewafunga mbuzi watatu kwa kamba mpya, na nyumbani kwetu kaka zangu walikuwa wamepanga viti. Nilikaa pembeni nimevaa kitenge kizuri, mwanamke wa miaka arobaini na zaidi anayeolewa na mwanawe kwa ajili ya maiti. Sikutaka kumtazama mtu.

Ndipo nikamwona akija njiani, peke yake, na kamera kuukuu kifuani. Hakuna aliyemwalika. Hakuwa na kibanda, wala pazia, wala jiji. Alimsalimia kila mtu, akaja mbele yangu, akauliza kama anaweza. Niliwatazama mbuzi. Akawaambia, "Mbuzi zikuje mbele. Zote tatu. Kyalo, shika kamba juu, ionekane." Akanipanga kando ya mwanangu, nyuma yetu nyumba ya baba yangu na ghala lake la mahindi. Akatoa kitana, akakilowesha, kisha akakumbuka nina kitambaa kichwani, akakirudisha. Ilimchukua muda kuona kupitia jicho lile moja zuri.

Alirudi baada ya majuma mawili, picha ikiwa ndani ya bahasha. Ilikuwa safi. Mbuzi walionekana hadi masikio, kamba ilionekana, mkono wa Kyalo ulionekana wote mpaka kucha. Nilimpeleka ndani, nikaiweka juu ya meza kando ya ile ya zamani. Tulizitazama. Moja ilikuwa na mume na haikuwa na mbuzi. Nyingine ilikuwa na mbuzi na haikuwa na mume.

Fundi alivuta kiti. Akatoa mkasi katika mfuko wa koti, mkasi ule ule, akauweka mezani kwa utaratibu.

"Nipe hiyo ya kwanza," akasema. "Nitamtoa Nairobi. Nitamweka hapa, katikati yenu, na kamba nitamrudishia kwa mkono. Hakuna mtu atajua."

Nilimtazama akingoja, vidole vyake vya kahawia vikiwa juu ya meza, na nikajua ndilo ombi la msamaha pekee alilokuwa nalo. Nilitaka kumpa. Nilimwona mume wangu amesimama penye ghala la baba yangu, akimvuta lile dume jeusi, akicheka.

"Mkono hana, Fundi," nikamwambia. "Utamshikisha kamba na nini?"

Akaiangalia picha ya zamani kwa muda mrefu, pale penye kiwiko. Kisha akauchukua mkasi, akaurudisha mfukoni, na nikamwekea chai.